Paka kasusa, mbwa anachagua: chakula kibovu au deko?

*"Daktari, habari za kazi. Naishi Tanga. Nina paka jike wa miaka mitatu, Chausiku, ametolewa kizazi na amenenepa kweli. Nina na mbwa dume, Simba, mchanganyiko wa German Shepherd, kilo kama 25. Chausiku alikuwa anakula vizuri chakula kikavu ninachonunua dukani cha kupimiwa kwa kilo. Tangu mwezi uliopita ananusa, anaparua sakafu kama anafukia kinyesi, anaondoka zake. Nikimpa samaki anakula mpaka analamba sahani. Simba naye hagusi punje zake mpaka nichanganye nyama, na siku hizi anaokota nyama anaacha punje, na ugali ndiyo kabisa hautaki. Mwenye duka anasema ninunue cha bei ya juu. Jirani anasema hawa wanadeka, niwaache na njaa siku tatu watakula wenyewe. Nani mkweli? Na samaki wa kila siku ana ubaya gani, mbona paka wote wa Tanga wanakula samaki?"*

Dada yangu, nianze na jambo lisiloweza kungoja: usimwache Chausiku na njaa siku tatu. Jirani yako hana nia mbaya, na kwa mbwa mzima mwenye afya ushauri wake una ukweli ndani yake, nitaufikia. Kwa paka, tena paka mnene, ushauri huo huo unaweza kumuua.

Sababu iko kwenye ini. Mnyama yeyote akikosa chakula, mwili huanza kuchota mafuta uliyoyaweka akiba na kuyapeleka kwenye ini yageuzwe kuwa nguvu. Mbwa anaweza kuishi hivyo siku kadhaa bila madhara makubwa, na binadamu pia. Ini la paka haliwezi. Mafuta yanaingia kwa kasi kuliko yanavyotoka, maana ili yatoke lazima yabebwe na protini, na protini ndiyo hiyo haijaliwa. Yanajaa ndani ya seli za ini mpaka linashindwa kazi. Paka anapata kichefuchefu, kwa hiyo ndiyo kabisa hataki kuona chakula, na hali inazidi kuwa mbaya yenyewe kwa yenyewe. Weupe wa macho, fizi na ngozi ya ndani ya masikio vinageuka njano. Kwa paka mnene, siku mbili tatu za kutotia kitu tumboni zinatosha kuanzisha balaa hilo, na akishafika hapo tiba yake mara nyingi ni kulishwa kwa mrija wa mpira kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kwa paka mimi nahesabu hivi: saa 24 hajala chochote, mpigie daktari, saa 48, awe tayari yuko mbele ya daktari.

Bahati nzuri Chausiku anakula samaki. Hilo linatupa nafasi ya kufikiri, na linatupa dalili pia. Paka anayelamba sahani ya samaki hajapoteza hamu ya kula, amekataa chakula kimoja. Asiyetaka kitu chochote mimi humchukulia kuwa mgonjwa mpaka nihakikishe vinginevyo. Anayechagua, naangalia kwanza chakula chenyewe, halafu kinywa chake, halafu mahali anapolia chakula, na tabia yake naiacha mwisho. Wenye paka wengi huanzia huko mwisho, na neno "deko" linamaliza uchunguzi kabla haujaanza.

Kule kuparua sakafu, kwanza, usikuchukulie kuwa ni dharau. Paka wa porini akibakiza windo hulifukia kwa majani au mchanga, harufu isiwaite wanyama wengine. Chausiku hana mchanga jikoni kwako, anaparua simenti. Maana yake ni "hiki sikili sasa", basi. Hakilinganishi chakula chako na kinyesi.

Kwa nini hakili? Hapa inabidi tuielewe pua yake. Paka si mwonjaji hodari: ulimi wake una vionjo mia chache tu, karibu 500, wakati mbwa ana kama 1,700 na sisi tunafika elfu kadhaa. Utamu wa sukari hausikii kabisa. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, kule Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba jeni moja inayotengeneza kipokezi cha utamu imeharibika kwa jamii ya paka, kuanzia huyo wako hadi duma. Uamuzi wa kula au kutokula anaufanya kwa harufu kabla hajatia kitu mdomoni. Ndiyo maana paka aliyeziba pua kwa mafua hali, hata ukimwekea jodari mbichi: hamsikii harufu. Na ndiyo maana chakula kilichotoka kwenye friji kinasuswa, halafu kikipashwa kidogo kinaliwa. Chakula anachokipenda ni chenye joto la windo lililokamatwa sasa hivi, karibu na joto la mwili.

Sasa hicho chakula chako cha kupimiwa kwa kilo. Chakula kikavu kinatengenezwa kwa unga wa nafaka na wa nyama au samaki, unapikwa kwa mvuke na kusukumwa kwenye mashine yenye matundu, unakatwa, unakaushwa. Punje ikitoka hapo haina mvuto wowote kwa paka. Kinachomfanya aikimbilie ni hatua ya mwisho: punje zinanyunyiziwa mafuta ya wanyama, kisha kiungo cha harufu kinachotokana na maini na matumbo yaliyovunjwavunjwa kwa vimeng'enya. Yaani utamu wote uko juu ya ganda, safu nyembamba tu, pale pale panapopigwa na hewa. Gunia likifunguliwa Tanga, kwenye joto na unyevu wa pwani, likaachwa wazi siku kumi, wiki tatu, mwezi, mafuta hayo yanaungana na oksijeni na kuharibika. Vitamini zinazotegemea mafuta, hasa A na E, nazo zinapungua. Kwa macho huwezi kujua, punje ni zile zile.

Fanya hivi leo. Chukua punje kama kumi, zisugue kwa viganja vyote viwili mpaka zipate joto, kisha nusa. Chakula kizima kinanuka kama nyama kavu au dagaa, harufu si nzuri kwetu lakini ni ya chakula. Kilichoharibika kinanuka mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa rudiwa, au rangi ya kupaka ukutani, au boksi lililolowa. Nahisi utakuta harufu ya pili. Chausiku alishafanya kipimo hicho mwezi uliopita na majibu akakupa.

Gunia wazi lina hatari nyingine kubwa kuliko harufu. Huoni tarehe ya mwisho wala namba ya toleo, kwa hiyo likitokea tangazo la kurudisha bidhaa huna habari. Panya wa dukani wanakojolea humo, na mkojo wa panya unabeba leptospira, bakteria inayompata mbwa na binadamu pia. Na mara nyingi gunia la mbwa na la paka yamekaa sako kwa bako, msaidizi wa duka anachota popote. Kwa Simba kula cha paka siku moja moja si kitu, atanenepa tu. Kwa Chausiku kula cha mbwa miezi mfululizo ni jambo zito. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho ambacho moyo na macho yake vinakitegemea, lazima aipate kwenye nyama. Mbwa kwa kawaida anaitengeneza mwenyewe, kwa hiyo chakula chake si lazima kiwekewe. Mwaka 1987 madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba ugonjwa wa moyo kutanuka uliokuwa ukiua paka wengi ulitokana na upungufu wa taurini, na moyo wa paka wengi ulirudi sawa walipoongezewa. Wale hawakuwa paka wa jalalani. Walikuwa wanalishwa vyakula vya kiwandani vya Marekani vya wakati ule. Upungufu huo huo unaua pia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na macho yakishapofuka kwa njia hiyo hayarudi.

Hapo tunamkuta mwenye duka na ushauri wake wa bei ya juu. Nusu ya maneno yake nayakubali: ondoka kwenye gunia wazi, nunua mfuko uliofungwa, hata kama ni mdogo. Nusu ya pili ni biashara. Picha ya salmoni kwenye mfuko ni kazi ya mchoraji. Asilimia ya protini nayo inadanganya, kwa sababu kinachopimwa maabara ni naitrojeni, kisha inakadiriwa protini kutoka hapo. Ndiyo maana inaitwa protini ghafi. Manyoya na kwato zina naitrojeni tele. Mwaka 2007 wafanyabiashara kule China waliitumia njia hiyo hiyo: walitia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwenye unga wa gluteni ya ngano ili uonekane una protini nyingi. Unga ule ukaingia kwenye vyakula vya paka na mbwa vya Amerika Kaskazini, vya bei ya chini na vya bei ya juu vilivyotoka kiwanda kimoja, na wanyama wengi wakafa kwa figo kuzibwa na chembechembe.

Ukishika mfuko, tafuta vitu vichache. Imeandikwa ni cha mnyama gani na wa umri gani? Kwa maandishi ya Kiingereza, kuna neno complete, kwamba kinajitosheleza? Likiwa complementary, hicho ni cha kuongezea tu, hakitoshi peke yake, na makopo mengi mazuri ya samaki watupu yako kundi hilo. Je, kinataja viwango vya lishe ya wanyama vya AAFCO vya Marekani au FEDIAF vya Ulaya? Tarehe ya mwisho iko mbali kiasi gani, na mfuko haujatobolewa? Kisha jina na anuani ya mtengenezaji, awe na mahali pa kuulizwa. Mfuko ukipita hapo, mimi sioni sababu ya kujinyima kununua wa bei mara tatu.

Usilinganishe pia kopo na mfuko kwa namba za nje. Kopo lenye protini asilimia 10 na maji asilimia 80 linaonekana dhaifu mbele ya punje zenye protini asilimia 30 na maji asilimia 10. Toa maji kwanza: kwenye kopo sehemu 10 kati ya 20 zilizobaki ni protini, ni nusu nzima, kwenye punje ni 30 kati ya 90, theluthi moja. Kwa Chausiku hayo maji nayo yana thamani. Paka hanywi sana kwa asili, amezoea kupata maji ndani ya windo. Paka mnene wa ndani anayekula punje kavu tupu anapata mkojo mzito, na madume ndiyo wanaoziba kabisa njia ya mkojo.

Nyumbani, punje zibaki kwenye mfuko wake, ufungwe kwa kibanio, ndipo uingie kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini. Usimwage punje moja kwa moja kwenye ndoo ya plastiki ukaja kuongeza mpya juu ya za zamani: mafuta yanashika kuta za ndoo, yanaharibika, na yanaharibu hata chakula kipya. Nunua kiasi kitakachoisha ndani ya mwezi au wiki sita. Paka wa kilo nne anahitaji takriban gramu 60 za punje kwa siku, kama nusu kikombe cha chai, na wengi hushtuka wakiipima.

Samaki je? Swali lako ni zuri, na jibu ni kwamba paka wa Tanga hawali samaki tu. Yule wa pale soko la samaki la Deep Sea anakula kichwa, matumbo na miiba, usiku anakamata panya na kumla wote na ini lake na mifupa yake, anaongeza mjusi na panzi. Huo ni mlo karibu na kamili. Na hesabu pia: wangapi kati yao unawaona wazee? Chausiku unampa minofu. Ni nyama bila mfupa, na nyama bila mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili unaichota kalsiamu kwenye mifupa yake. Kwa paka mtoto hilo linaleta miguu kupinda na kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti.

Kuna tatizo la samaki mbichi. Aina kadhaa za samaki wabichi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayeishi kwa hao anaanza kukosa hamu, kisha anayumba, kichwa kinainama kifuani hakiwezi kunyanyuka, mwisho degedege. Kupika kunakiua kimeng'enya hicho. Samaki wenye mafuta mengi kama jodari, wakitolewa kila siku, wanamaliza vitamini E ya paka na mafuta yake ya chini ya ngozi yanavimba na kuuma. Ukimshika tu analia. Dagaa wa chumvi waoshwe na kulowekwa kwanza. Maini nayo, kidogo mara moja kwa wiki yanafaa, lakini ya kila siku yanajaza vitamini A mpaka mifupa ya shingo inaungana na paka hawezi tena kujilamba mgongo.

Kwa hiyo samaki abaki, ila awe kitoweo. Mchemshe bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, kwa sababu vyote viwili vinavunja chembe nyekundu za damu, na paka anaathirika kuliko mbwa. Ule mchuzi usiumwage: taurini na vitamini B zinayeyuka humo. Ukitaka kumbadilishia, moyo wa ng'ombe au wa kuku una taurini nyingi, na paja la kuku linakishinda kidari.

Kumrudisha Chausiku kwenye chakula kamili kutachukua wiki kadhaa, usifanye haraka. Paka anajifunza kwa mama yake, katika miezi yake ya kwanza, kitu gani ni chakula. Ambacho hakukijua wakati ule anakishuku maisha yote. Nunua mfuko mpya mdogo uliofungwa. Siku za mwanzo mpe samaki wake kama kawaida, uchanganye ndani yake punje tano tu zilizolowanishwa kwa mchuzi wa uvuguvugu, kwa kidole uone hauunguzi. Akila, baada ya siku tatu nne ongeza. Akizitema, rudi nyuma hatua moja. Mpe mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, maana paka kwa asili ni mlaji wa milo midogo mingi. Kilicholowana kisikae zaidi ya saa moja kwa joto la kwenu. Usimfichie dawa ya minyoo humo: akihusisha ladha na kichefuchefu mara moja, chakula hicho umekipoteza kwa miezi. Na mpime uzito kila wiki: jipime wewe kwanza kwenye mizani, kisha umbebe, utoe. Akipungua zaidi ya gramu 100 kwa wiki, au akila chini ya nusu ya kawaida yake siku mbili mfululizo, simamisha zoezi.

Hukuniambia anakula wapi, ila nauliza kwa sababu ya Simba. Mbwa wa kilo 25 akipita pita karibu na sahani, paka wengi wataonja na kuondoka, halafu tunasema wanachagua. Mpandishe Chausiku juu ya kabati au meza, mbali na sanduku lake la haja.

Simba ni kesi nyingine, na hapa jirani yako anapata haki yake. Mbwa ameishi na wakulima kwa maelfu ya miaka. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 na watafiti wa Uppsala, Sweden, ulionyesha kwamba ana nakala nyingi za jeni ya kuvunja wanga kuliko mbwa mwitu. Ugali haumdhuru. Kilichotokea kwako nakisoma hivi: siku moja hakula punje, labda joto, labda alikuwa ameshiba. Ukaongeza nyama. Akajifunza kwamba kusubiri kunalipa. Kila uliposhindwa kuvumilia ulimlipa tena, na sasa anaokota nyama akijua punje zitakuja na nyama nyingine. Hiyo ni akili, na mwalimu ni wewe.

Halafu waulize watoto, dada wa kazi na yeyote anayekaa kibarazani wanampa nini. Mbwa wa ukubwa wake anahitaji takriban kalori 1,250 kwa siku. Chapati moja ina kama 300. Akipewa moja asubuhi, ngozi ya kuku mchana na mkia wa samaki jioni, sioni kwa nini agombanie punje. Vya nje ya mlo visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori zake.

Kama daktari amemwona na ni mzima, mwekee chakula asubuhi na jioni, dakika 20, kisha ondoa kimya kimya, hata kama hakugusa. Usimbembeleze, usimfokee. Hakuna kitu katikati ila maji. Mbwa mzima aliyekomaa akiruka mlo mmoja au miwili hapati madhara, na wengi hawapiti siku ya pili. Sharti langu ni kwamba nyumba nzima mkubaliane, la sivyo bibi mmoja mwenye huruma atavunja kazi ya wiki. Usimfanyie hivi mtoto wa mbwa, mbwa mdogo wa kilo tatu, mwenye mimba, wala mgonjwa. Na punje za Simba nazo zilitoka gunia lile lile, au siyo? Zisugue kwanza, usije ukamwadhibu kwa kukataa uozo.

Mfuko uliofungwa kwa mbwa mkubwa ni gharama, najua. Kumpikia kunawezekana: sehemu moja ya ugali au wali, sehemu moja ya dagaa wazima au pafu, moyo na nyama za kichwa, mboga kiganja kimoja. Dagaa wazima wanaleta kalsiamu kwa miiba yao. Ukitumia nyama tupu, ongeza nusu kijiko cha chai cha maganda ya yai yaliyosagwa laini kwa kila nusu kilo ya nyama. Mlo huo bado unapungukiwa zinki, iodini na vitamini E, kwa hiyo ukiweza nusu ya chakula chake iwe punje kamili. Mifupa ya kuku iliyopikwa isimfikie, inavunjika vipande vyenye ncha.

Ila unga naomba uwe ule mnaokula nyinyi. Unga ulioota ukungu na pumba za bei ya kutupa ndizo huishia kwa mbwa, na sumu kuvu haifi kwa kupikwa. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwapata watu 317 na kuua 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kwetu mwaka 2016 ilikuwa Dodoma na Manyara. Mbwa ana ini jepesi kudhurika kuliko sisi. Mwishoni mwa mwaka 2020 Marekani chakula cha kiwandani chenye mahindi machafu kiliripotiwa kuua wanyama zaidi ya 100. Dalili ya kwanza ya mbwa mwenye sumu kuvu ni hiyo hiyo unayonieleza: anakataa chakula kile. Kisha anatapika, anakuwa mnyonge, fizi zinakuwa njano.

Kwa hiyo kabla ya zoezi la dakika 20, nataka Simba aguswe na daktari. Kwa pwani yetu, mbwa anayechagua chakula ghafla mara nyingi ana homa ya kupe. Nyanyua mdomo uone fizi: ziwe za waridi, ukibonyeza kidole zirudishe rangi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, ni siku hiyo hiyo. Chausiku naye afunuliwe kinywa: fizi nyekundu, udenda, harufu kali, au kuinamisha kichwa upande anapotafuna, vyote vinaeleza kwa nini samaki laini anaingia na punje ngumu haziingii. Wengine wa kwenda bila kungoja ni anayetapika mara kwa mara, mwenye tumbo lililovimba, anayehangaika kukojoa bila kitu kutoka, na aliyekonda huku anakula. Ukiona homa usimpe panadol. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka.

Na kuna aina moja ya kutokula ambayo hutakiwi kuichunguza mwenyewe. Mbwa au paka akiacha kula huku udenda unamtoka, taya limelegea, sauti imebadilika, anashindwa kumeza au tabia yake imegeuka, watu wengi hudhani amekwamwa na mfupa na kutia mkono mdomoni. Usitie. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie mahali, wasogeze watoto, ita ofisi ya mifugo ya jiji. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja kwa chanjo, bila kungoja kuona mnyama atakuwaje.

Ukienda kwa daktari, beba punje kidogo kwenye mfuko safi, picha ya gunia kama mwenye duka ataruhusu, na orodha ya kila walichokula siku tatu zilizopita, pamoja na chapati. Daktari wa Tanga akihitaji vipimo asivyonavyo, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, inapokea rufaa. Na kadi ya chanjo ya kichaa ya Simba na ya Chausiku uzitazame kabla hujatoka. Kama mwaka umepita, wachanjwe safari hiyo hiyo ikiwa daktari atawakuta wazima, msisubiri zoezi la chanjo la Septemba.